Masika Tuliyochagua Petroli

Jumapili, 1 Machi

Mvua imeanza leo, mapema kuliko tulivyotegemea. Imetukuta na injini ya teksi ikiwa wazi uani. Tulikimbilia turubai, mimi upande huu na Kaka upande ule, huku Baba amesimama palepale na bisibisi yake ndefu, analowa, kana kwamba hakuna anayemwita. Nilimwita mpaka koo likaniuma. Mwishowe Kaka akaenda kumshika mkono.

Tangu nimalize chuo, kila ninayekutana naye ananiuliza nimepata kazi wapi. Nasema nasubiri majibu. Ukweli ni kwamba sijaomba kazi popote. Nataka kubaki hapa, chini ya bati hili linalovuja, na nataka Baba aseme kwa kinywa chake kwamba ananihitaji. Hajasema.

Kaka ana mpango. Mwisho wa masika, machimbo ya mawe ya ng'ambo ya mto huwa na mashindano ya kupanda kilima kwa pikapu, tope tupu toka chini mpaka juu. Mwenye machimbo, ambaye kila mtu anamwita Tajiri wa Mawe, anatafuta gereji ya kumtunzia magari yake yote. "Gari likipanda vizuri, la kwanza atakalouliza ni nani kalitengeneza," Kaka anasema. "Nasi tutasema: yule mzee pale mwenye bisibisi."

Na kweli, gereji hii ni bisibisi hiyo. Baba huiegemeza ncha yake kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anataja ugonjwa. Gari likishapona husikiliza tena, na lisipoambiwa "Nenda" halitoki getini, hata mwenye gari awe amechelewa harusi yake mwenyewe.

Tuna pikapu mbili. Ya Baba ni ya dizeli, nzito, ya siku nyingi, tunaiita Ng'ombe. Ya Kaka ni ya petroli, nyepesi, aliinunua ikiwa imepondeka nyuma. Hiyo ni Nyigu. Kuziongezea nguvu zote mbili hatuwezi. Lazima tuchague.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Bati linapiga kelele hadi tunaongea kwa mikono.

Alhamisi, 5 Machi

Leo tumeamua, au niseme nimeamua mimi na wengine wakakubali.

Nilichora kwa chaki sakafuni nguvu za injini zote mbili: mstari wa dizeli unaopanda mapema halafu unalegea, na mstari wa petroli unaoanza chini na kuendelea kupanda. Kaka akavuta tairi akakalia. "Profesa kaanza. Mama, leta chai, hapa ni mpaka jioni."

Nikasema dizeli inavuta, sikatai. Lakini kwenye tope kinachotakiwa ni magurudumu yazunguke kwa kasi, yaliteme tope kabla halijajaa kwenye meno ya tairi. Dizeli haikimbii hivyo. Na ni nzito puani. Kwenye mteremko mkali inazama kabla haijaanza kupanda. Nyigu ni mwepesi. Tukimfungia tabo ya kuisukumia injini hewa, tukimwongezea mafuta na kusogeza mbele kidogo taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha mafuta, atapanda kama amechomwa mwiba.

"Ng'ombe haogopi maji," Baba akasema. "Hana plagi za kulowa. Tabo tayari anayo, mnamfungulia pampu kidogo tu. Anavuta kutoka chini, hata dereva akisahau gia."

"Dereva gani huyo anasahau gia?" Kaka akauliza.

"Wewe."

Tukacheka wote. Kisha Baba akaweka kiganja juu ya boneti ya Ng'ombe, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. "Halafu huyu namsikia. Hapa."

"Baba, hiyo ni mazoea," nikamwambia. "Injini haichaguliwi kwa mazoea."

Alikuwa ananitazama mdomo. Muda wote nilipokuwa nikieleza alinitazama mdomo, bila kupepesa, na mimi nikavimba kichwa: nilidhani anastaajabia maneno ya binti yake. Mwishowe akasema, "Haya. Petroli," akaondoka kwenda kunawa.

Kuna hoja moja ya upande wake ambayo niliijua na sikuitaja. Injini ya dizeli imejengwa nene, imezoea kubanwa. Ya petroli ukiibana kupita kiasi mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga, na kugonga huko huivunja kwa ndani. Nilisema moyoni: hilo halina shida, likianza kugonga Baba atasikia.

Jumatano, 11 Machi

Tumepata tabo kwa muuza vyuma chakavu. Kaka ameibeba mapajani njia nzima kama bi harusi.

Jumanne, 17 Machi

Bomba la tabo limekaa. Nimelichomelea mwenyewe, na mshono umenyooka. Nilimwita Baba aje aone. Alikuwa amenipa mgongo, anasafisha nozeli za Ng'ombe, hakugeuka. Nikamwita tena. Akaendelea kusugua.

Basi, nikajua bado ana kinyongo cha petroli. Nikakaa kimya mchana wote, na yeye wala hakuuona ukimya wangu, jambo lililonikera zaidi. Jioni redio yake ilipasua masikio. Niliipunguza, akanyanyuka na kuirudisha palepale bila kunitazama. Nikamwambia Mama, "Huyu mzee ananikomoa."

Mama akagonga meza mara moja kwa ngumi. Baba akainua kichwa, akamtazama, akapokea sahani yake. "Amechoka," Mama akaniambia. "Mwache baba yako."

Nimeona mara nyingi Mama akigonga meza hivyo. Nilidhani ni ukali wa kuzeeka pamoja.

Jumapili, 22 Machi

Mvua bila kupumzika. Sina la kuandika.

Jumamosi, 28 Machi

Tumemjaribu Nyigu kwenye barabara ya juu. Kaka kwenye usukani, Baba dirishani, mimi katikati na goti langu likigombana na gia.

Sijui niandike vipi furaha ile. Tabo ilipoamka, kiti kilinisukuma mgongoni, na Kaka akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo. "Profesa! Profesa, umefanya nini wewe!"

Halafu kwenye mwinuko, Kaka alipokanyaga mafuta hadi mwisho, nilisikia kitu. Kidogo sana, chembamba, kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya kopo. Kikaja, kikaondoka. Mvua ilikuwa inapiga paa. Nikamgeukia Baba. Alikuwa ametazama mbele, viganja juu ya magoti.

"Baba, inagonga?" niliuliza. Hakunisikia kwa ile mvua. Nikamshika bega, akanigeukia, nikarudia. Akatazama mdomo wangu, kisha boneti.

"Iko sawa," akasema. "Nenda."

Kwa hiyo iko sawa. Mimi na masikio yangu ya darasani ni nani? Tangu nizaliwe sijamwona akikosea.

Jumanne, 31 Machi

Nimeusikia tena ule mlio, kwenye mwinuko uleule. Kaka akaniuliza mbona nimenyamaza, nimesikia kitu? Nikasema hapana, Baba ameshasikiliza.

Ijumaa, 3 Aprili

Ningeweza kuirudisha taimingi nyuma kidogo. Ni kazi ya spana moja na subira ya kikombe cha chai. Tungepoteza nguvu kiasi, si nyingi. Nilishika spana nikasimama mbele ya Nyigu. Kisha nikajiuliza nitamwambia nini Baba: kwamba alisema nenda na mimi nikasema usiende? Siku zote hizi nimemtaka anione fundi. Nikairudisha spana ukutani.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Kaka ameandika NYIGU kwenye mlango kwa rangi nyekundu. Herufi zimechuruzika.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika polepole, kwa sababu nataka kila kitu kikae mahali pake.

Machimbo yalijaa watu. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, anga jeupe, na baada ya wiki hizi zote za bati, ukimya ulinishangaza. Nilimsikia mtu akikohoa ng'ambo ya bonde. Kila pikapu ilipanda peke yake, ikipimwa muda, mizunguko miwili. Wengi walikuwa na dizeli. Zilipanda zikitoa moshi mweusi, polepole, kama watu wanaopandisha kabati ghorofani.

Nyigu akapanda mzunguko wa kwanza na kuwapita wote. Tope lilirushwa juu hadi kwenye miavuli. Watu walishangilia, hata mafundi wa gereji nyingine. Tajiri wa Mawe mwenyewe, mtu mfupi mwenye buti kubwa, akaja kumpa Baba mkono. Akamwuliza jambo. Baba akatabasamu. Akamwuliza tena. Baba akatabasamu vilevile, akatikisa kichwa, akamtazama Kaka. Tajiri akaondoka akiwa amekunja uso, na mimi nikaona aibu, nikasema moyoni: majivuno haya ya nini sasa?

Kabla ya mzunguko wa pili Kaka alikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, ili tusikilize. Safari hii hapakuwa na mvua ya kusingizia. Punje zile zilikuwa ndani ya kopo, wazi kabisa. Hata kijana wa gereji ya jirani, yule tunayemwita Kifuniko, aligeuza kichwa. Nilimtazama Baba. Aliegemeza bisibisi, akaweka mpini sikioni, akafumba macho kama siku zote.

"Iko sawa. Nenda."

Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeishika.

Nyigu alifika katikati ya kilima, palipo pakali zaidi. Kisha ukatoka mlio mmoja, mkavu, kama shoka kwenye jiwe. Moshi wa buluu ukafunika kioo. Injini ikafa na gari likaanza kurudi nyuma, magurudumu yamejifunga, likateleza ubavu hadi likagonga ukingo wa udongo na kulala pale. Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka viatu vyangu vilibaki kwenye tope. Kaka alikuwa anatoka dirishani, mkono wa kushoto ameukumbatia, uso umekuwa kama majivu.

"Niko hai," akasema. "Usinitazame hivyo, niko hai. Lakini huyu," akaonyesha chini ya boneti kwa kidevu, "huyu tumzike."

Mkono wa pistoni ulikuwa umetoboa ubavu wa injini. Oili ilimwagika juu ya tope na kutiririka hadi chini walikosimama watu.

Nikashuka. Baba alikuwa ameinama, anaokota bisibisi iliyomponyoka, amenipa mgongo. Watu walikuwa wametuzunguka, Tajiri yupo, Kifuniko yupo, wateja wetu wapo. Nikapaza sauti, na kila neno lilifika kila mahali kwa sababu hapakuwa na mvua.

"Baba, hukusikia? Ilikuwa inagonga! Kila mtu kasikia! Wewe hukusikia?"

Hakugeuka. Alifuta bisibisi kwa kitambaa, taratibu, upande mmoja na mwingine. Nikapiga kelele tena, karibu kabisa na mgongo wake. Akaendelea kufuta.

Hapo ndipo nilipojua. Na hapo ndipo kila mtu alipojua, kwa wakati mmoja nami, kwa sababu mimi ndiye niliyewaonyesha.

Mtu akasema nyuma yangu, wala hakunong'ona, kwani mnong'ono wa nini tena: "Kumbe mzee hasikii."

Baba akageuka mwishowe. Alituona sote tumemtazama. Akatazama mdomo wangu, lakini ulikuwa umefungwa.

Jumapili, 19 Aprili

Kaka ana kitambaa shingoni kilichoshika mkono. Umeteguka, haukuvunjika. Hanitanii leo. Hilo ndilo linalouma.

Nilimkuta Mama jikoni. "Ulijua?"

"Nimelala naye chumba kimoja miaka yote hii, nisijue?" Alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho. "Kwanza zilipotea sauti ndogo. Ndege. Simu. Halafu mimi. Sauti nene bado anazipata, na mtikisiko. Ndiyo maana nagonga meza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba. Alisema fundi mwingine aliyesoma kama wewe hapatikani mtaani, na ukijua utaondoka ukamtafute fundi mwenye masikio." Akapuliza makapi. "Nami nikadhani atakuambia mwenyewe. Aliniambia atakuambia siku mnachagua gari."

Nikaenda uani. Mistari yangu ya chaki ilikuwa bado sakafuni, imefifia kwa nyayo. Pale karibu na tairi ndipo Baba alipokuwa amesimama. *Halafu huyu namsikia. Hapa.* Aliniambia. Aliniambia mbele ya wote, kwa njia pekee aliyoiweza, na mimi nikaita mazoea. Dizeli inatetemesha boneti, dashibodi, sakafu. Ikiugua, kiganja kinajua. Hakuwa anachagua gari la kushinda. Alikuwa anachagua gari ambalo angeweza kutusaidia nalo.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua imerudi. Dereva wa teksi amekuja na gari lake. Baba akatoka na bisibisi. Dereva akasema, "Pumzika tu, mzee wangu, kijana ataangalia," akamfuata Kaka mwenye mkono mmoja. Alisema kwa upole sana. Baba alisimama kidogo, kisha akaenda kufagia pasipo na uchafu.

Jumatano, 29 Aprili

Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 6 Mei

Nimekuwa nikitafuta maneno. Leo nimeyasema. Baba alikuwa ananawa kwenye pipa, amenipa mgongo, na mimi nikasimama mlangoni nikasema yote: kwamba nilisikia mapema, kwamba nilikuwa na spana, kwamba nilimpigia kelele mbele za watu na ningekata ulimi nikiweza. Nilisema kwa sauti ya kawaida, sentensi baada ya sentensi. Akamaliza kunawa, akakung'uta mikono.

Nilijua hanisikii. Nilichagua mgongo kwa sababu hiyo. Sijawahi kujiona mdogo kama leo.

Alhamisi, 14 Mei

Leo nimemzunguka nikasimama mbele yake. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Ng'ombe. Midomo ilinitetemeka, nikahofia hata hataweza kuisoma.

"Baba, nisamehe. Niliusikia ule mlio tangu siku ya kwanza."

"Najua," akasema. "Niliuona usoni mwako. Nikasema, huyu mtoto akisikia kitu kweli atabisha, anavyopenda kubisha." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilikungoja ubishe."

"Nami nilikungoja wewe."

Akatazama getini.

"Siku ile kilimani, mara ya kwanza nilipopiga kelele hukuniona mdomo," nikasema. "Nilisema vibaya nyuma yako. Mama amekuambia nilisema nini?"

"Hakuna haja ya Mama. Ile mara ya pili ulipiga kelele karibu, kwa sauti nene." Akaligusa sikio lake kwa ncha ya kidole. "Mwaka huu mzima, mwanangu, katika yote uliyoniambia, hilo ndilo nililolisikia. Nikaendelea kufuta bisibisi. Ningegeuka nikuambie nini?"

Jumamosi, 23 Mei

Masika yamekwisha. Bati liko kimya, na sasa nyumba nzima inasikika: jiko, ufagio, Kaka akipiga mluzi. Mkono wake umepona. Tajiri wa Mawe amewapa kina Kifuniko kazi. Nyigu yuko nyuma ya choo, boneti wazi, kuku wamelala ndani.

Leo alikuja mama muuza mkaa na pikapu yake ya dizeli, mteja wa tangu sijazaliwa. Haikuwa na nguvu. Tulikuta kichujio kimeziba na bomba moja linavuja hewa, tukamaliza kabla ya mchana. Baba hakuchukua bisibisi. Iko ukutani, na imeanza kupata kutu. Aliweka viganja viwili juu ya boneti, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilisimama upande wa pili, nikasikiliza sauti nyembamba kwa niaba yake. Hakukuwa na kitu.

Akafumbua macho akanitazama. Hakutazama mdomo, alinitazama machoni. Nikatikisa kichwa kukubali. Naye akatikisa.

Alinihitaji. Ndilo nililolitaka tangu mvua ya kwanza, na nilikuwa nimelipata, na lilikuwa na uzito wa mtu mzima.

Nikamngoja aseme neno lake. Hakusema. Alishusha mikono, akanigeuzia mgongo, akaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye pipa la maji.

"Nenda," nikamwambia mama muuza mkaa.

Hakuondoka. Alikuwa ameshika usukani, injini inaunguruma vizuri kabisa, na macho yake yanamfuata Baba, yanangoja.

"Nenda, mama," nikarudia, kwa nguvu zaidi. "Iko sawa."

Kuku wakatoka ndani ya Nyigu. Kaka akaacha mluzi. Wote waligeuka, isipokuwa Baba.